Lango la Limuru

Kila tunapoipita njia ya Limuru asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai, dada yangu hunyamaza. Tunaweza kuwa tumezungumza tangu nyumbani, habari za ng'ombe, za wajukuu na za bei ya unga, lakini tukilikaribia lango la shule ya wasichana ya Loreto maneno humkauka kinywani. Hutazama nje ya dirisha mpaka tumekwisha kupita. Kwa miaka mingi sikumwuliza sababu. Nilikuwa naijua, na sehemu ya sababu hiyo ni mimi.

Leo nimeazimia kuandika habari za shule hiyo. Sikusoma humo, wala nisingeweza, maana mimi ni mwanamume. Nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini katika shule nyingine, nikawaeleza wanafunzi habari za Napoleon na za Bismarck, na sikuwaeleza hata siku moja habari za lango hili lililo karibu na kwetu. Basi msomaji asitazamie sifa za mwanafunzi wa zamani. Naandika kama mtu mwenye deni.

Wengi wetu hudhani kwamba masista waliokuja kuwafundisha binti zetu walileta jambo ambalo huko kwao lilikuwa limekwisha kukubaliwa zamani. Sivyo. Mwanzilishi wa shirika lao alikuwa Mwingereza, Mary Ward, aliyezaliwa mwaka 1585 huko Yorkshire, wakati ambapo kuwa Mkatoliki katika Uingereza kulikuwa ni kujitafutia faini, kifungo, na pengine kitanzi. Mwaka 1609 alivuka bahari pamoja na wenzake wachache hadi Saint-Omer, mji ambao sasa umo katika Ufaransa, wakafungua shule ya wasichana. Kusudi lake lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulikubali. Alitaka wasichana wafundishwe kwa bidii ileile ambayo Wajesuiti waliwafundishia wavulana. Alitaka pia masista wenyewe wawe huru kutoka nje kufanya kazi, badala ya kufungiwa ndani ya kuta kama sheria ya Kanisa ya siku hizo ilivyowataka watawa wa kike.

Alikwenda Roma kwa miguu, akaivuka milima ya Alps katika majira ya baridi, akawasili mkesha wa Krismasi mwaka 1621 ili kumwomba Papa kibali. Hakukipata. Wapinzani wake waliwacheka masista hao kuwa ni wasichana wa kukimbia huku na huko, na wakauliza ni lini mwanamke alianza kujiongoza mwenyewe. Mwaka 1631 Papa Urban VIII alilivunja shirika lake, na Mary Ward akafungwa huko Munich kwa tuhuma ya uzushi. Kutoka kifungoni aliwaandikia wenzake kwa maji ya limau, maandishi yasiyoonekana mpaka karatasi ipashwe moto. Alifariki mwaka 1645. Kanisa halikumtambua waziwazi kuwa mwanzilishi wa shirika hilo mpaka mwaka 1909, na ilikuwa mwaka 2009 ambapo Papa Benedikto XVI alizithibitisha fadhila zake za kishujaa.

Nilipoyasoma hayo nilikuwa mzee tayari, na yalinishangaza. Kumbe hofu ya kumsomesha msichana haikuwa ya baba yangu peke yake, wala ya Wagikuyu peke yao. Ilikuwako Roma, miongoni mwa watu wenye maktaba kubwa.

Mti ule haukufa, kwa kuwa mizizi yake ilibaki. Masista waliendelea kufundisha York, na mmoja wa wasichana waliosoma kwao, Frances Ball wa Dublin, alirudi kwao Ireland akafungua nyumba huko Rathfarnham mwaka 1822. Aliiita Loreto, kwa jina la mji wa hija ulioko Italia. Mwaka 1841 masista wake walifika Calcutta, na mwaka 1921 wengine wakashuka Mombasa.

Ningependa kuandika kwamba walishuka melini wakaja moja kwa moja kwa mama zetu. Historia haikwenda hivyo. Kenya ya mkoloni iligawanywa kwa rangi, na shule waliyoifungua Msongari, Nairobi, ilikuwa ya watoto wa Kizungu. Shule ya Limuru, ya wasichana wa Kiafrika, ilianza mwaka 1936. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu kutua kwao Mombasa. Sisemi hili ili kuwalaumu marehemu. Nasema ili hesabu iwe kamili. Aidha, wavulana wa Kiafrika walikuwa wametangulia. Kabaa, shule ya Kikatoliki ambayo baadaye ilihamia Mang'u, ilianza mwaka 1925, na Alliance ya Waprotestanti mwaka 1926. Katika kila nyumba na kila misheni, mvulana alipakuliwa kwanza.

Wazazi nao walikuwa na hofu zao. Mwaka 1929 nchi yetu ilitikiswa na mzozo wa tohara ya wasichana. Baadhi ya misheni za Kiprotestanti ziliwataka waumini waikane mila hiyo ama watoke, na watu wengi wakatoka, wakajenga shule zao huru. Wakatoliki hawakudai kiapo hicho, lakini moshi wa moto ule uliingia katika kila nyumba. Wazee wengi walitoka katika mzozo huo wakiamini kwamba msichana na shule ya Mzungu ni vitu viwili visivyofaa kulala chini ya paa moja.

Sasa nifike nyumbani kwetu.

Dada yangu alizaliwa mwaka 1940. Mwishoni mwa mwaka 1955 alifanya mtihani wa darasa la nane, akaitwa Limuru. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Tulikuwa tumeondolewa shambani tukawekwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na jioni amri ya kutotoka nje ilitufungia ndani pamoja na mbuzi. Mimi, mwenye umri wa miaka 12, nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya bweni ya wavulana. Karo ya mtoto mmoja ilipatikana kwa taabu. Ya wawili haikuwapo.

Sista mmoja alikuja mpaka kwetu akisindikizwa na katekista. Alimwambia baba kwamba binti yake ana akili, na kwamba ni dhambi kuiacha akili hiyo ilale. Baba alimsikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Sista, huyu nikimsomesha, nitakuwa nimelilima shamba la jirani." Mama alikuwa akipuliza moto, aliendelea kuupuliza ingawa ulikuwa umekwisha kuwaka. Dada alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimekalia sanduku langu jipya la bati.

Mwezi wa Januari mimi nililibeba sanduku hilo, naye akabeba kikapu cha kuchumia chai. Walilipwa kwa uzito: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tangu umande mpaka jua la alasiri, vidole vikibadilika rangi vikawa vyeusi. Sehemu ya fedha hiyo ndiyo iliyonilipia karo miaka yote niliyosoma.

Mwaka huohuo wa 1956 msichana mwingine, aliyezaliwa 1940 kama dada yangu, aliingia kwa lango lile akitoka Nyeri. Ni Wangari Maathai. Alisoma Limuru hadi mwisho wa mwaka 1959. Mwalimu wake wa sayansi, sista aliyeitwa Mother Teresia, alimzoeza kumsaidia kuosha vyombo vya maabara huku wakizungumza, na mapenzi yake ya sayansi yakakulia hapo. Mwaka 1960 alikwenda Marekani kusoma biolojia. Mwaka 1971 alipata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kuupata. Mwaka 1977 alianzisha vuguvugu la kupanda miti. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011.

Je, masista walikusudia hayo yote? Sidhani. Wakati ule msichana aliyemaliza shule alionyeshwa njia mbili, ualimu na uuguzi, na baada ya hapo ndoa ya Kikristo. Lakini ukikwisha kumfundisha mtu kupima na kuuliza, huwezi kumchorea mstari wa mahali pa kuishia. Nadhani Mary Ward angelielewa jambo hilo kuliko masista wenyewe.

Elimu hiyo ilikuwa na gharama, na si ya fedha tu. Wangari mwenyewe ameeleza jinsi, alipokuwa mwanafunzi, aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa beji ya aibu mpaka amnase mwenziwe. Nasi wavulana huko tulikokuwa tulivishwa kibao kama hicho. Tulirudi likizoni tukiwa na haya ya kusema na nyanya zetu. Shule za misheni zilitupa ulimi mmoja na kuukunja mwingine, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa tu tulinufaika.

Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Binti yangu alipoitwa katika shule mojawapo ya Kikatoliki ya wasichana, aliyemnunulia sanduku alikuwa dada yangu. Hakuniuliza kama ninazo fedha za kulinunua. Alilileta tu, akaliweka sebuleni, akakaa.

Nimeacha la mwisho kwa kuwa ndilo zito. Katika kitabu cha maisha yake, Wangari anasimulia jinsi alivyopelekwa shule mara ya kwanza. Halikuwa wazo la padri wala la sista. Kaka yake, Nderitu, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Lilikuwa swali la mtoto tu, na mama akaona hakuna sababu ya kumzuia.

Nilipolisoma hilo nilikifunga kitabu. Siku ile ya sista, mimi nilikuwa na umri wa kutosha kuuliza. Sikuuliza. Nilikuwa na hofu kwamba nikiuliza, sanduku litabadilika mwenyewe.

Mwaka jana nilikwenda kwa dada nikamsomea ukurasa huo. Anasoma mwenyewe, lakini macho yake sasa yamechoka. Nilipomaliza nikamwambia, "Nami sikuuliza." Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Ulikuwa mtoto. Tena baba angekataa tu." Nikadhani amekwisha kunisamehe. Akaongeza, "Lakini ningesikia kwamba umeuliza."

Leo ni wazee wachache wanaothubutu kusema hadharani maneno ya shamba la jirani. Hata hivyo karo ya bweni ingali inazishinda nyumba nyingi, na panapokosekana fedha ya wawili, hesabu hufanywa usiku, kimya, na mara nyingi hutoa jibu lilelile. Shule ya wasichana inaweza kujengwa, ikapewa walimu, ikaombewa baraka. Haiwezi kuingia nyumbani mwa mtu ikafungua kinywa cha kaka aliyekalia sanduku. Wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna msichana anayesimama mlangoni wakati mambo yake yanaamuliwa, uliza. Huenda usipewe. Walau yeye atakuwa amekusikia.