Duru-Haitemba: Msitu Uliookolewa Mkutanoni

Ndugu wana Babati, mlio nyumbani na mlio mbali: tunapokutana kuchangia maendeleo yetu, ni vyema tukumbushane jinsi msitu wa Duru-Haitemba ulivyopona. Haukupona kwa bahati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilianza kupima mipaka ili miombo hiyo, hekta zipatazo 9,000, iwe hifadhi ya serikali. Nia ilikuwa kuilinda, lakini uamuzi ulifanyika kabla wanavijiji hawajaulizwa. Watu walipoona msitu unawatoka mikononi, wengine waliona heri wakate na walime mapema kabla haujachukuliwa. Hivyo hatua ya kuulinda ikazidisha uharibifu.

Kuanzia 1994 mwelekeo ulibadilika. Vijiji jirani, miongoni mwao Duru, Riroda, Gidas na Ayasanda, vilikabidhiwa kila kimoja sehemu yake. Majirani walikubaliana mipaka, wakachagua kamati za misitu, wakajadili sheria ndogo mbele ya mkutano wa kijiji, na vijana wakaanza doria. Uchomaji mkaa ukapigwa marufuku. Aliyekiuka hakuweza kusema hakujua, kwa kuwa sheria ilipitishwa hadharani.

Uzoefu huo haukubaki kwetu tu. Sheria ya Misitu ya 2002 ilitambua hifadhi za misitu za vijiji nchi nzima. Kabla yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikwisha kuzuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu.

Sheria ni nzuri, lakini haijisimamii yenyewe. Anayetaka kipande cha msitu leo haanzi na panga. Anaanza na muhtasari wenye mhuri. Muhtasari usiposomwa mkutanoni, na ramani ikifungiwa kwenye droo ya mtu mmoja, wanakijiji watapata habari siku trekta litakapofika.

Ndiyo maana mwaka huu tunaomba mchango wa kunakili ramani na mipango ya matumizi bora ya ardhi, kuweka mbao za matangazo vijijini, na kununua makabati ya kutunzia mihtasari ili kila mwanakijiji aweze kuisoma. Si kazi ya kuonekana kama darasa au zahanati, lakini wazee wetu waliokoa msitu kwa kukaa pamoja na kusema wazi. Tuchangie, ili wajukuu nao waukute.