Mwaka msalaba ulipoteremshwa darasani

Februari 2027 itatimia miaka 50 tangu serikali ya Zaire, Kongo ya leo, ikubali kuyarudishia makanisa shule ilizoyanyang'anya. Kwa mkataba wa 26 Februari 1977, Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu walirudi kusimamia shule zao, na Waislamu wakaja kujiunga baadaye. Ndiyo maana mwanafunzi wa sekondari hapa Goma anakuta kozi ya dini kwenye buletini yake, jirani na elimu ya uraia na maadili.

Mwanzo wa shule za makanisa unajulikana. Mwaka 1906 Mfalme Leopold II, aliyeitawala Kongo, alipatana na Vatikani: misioni zipate ardhi, zifungue shule. Mwaka 1954 waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Auguste Buisseret, akaanzisha shule za serikali zisizofungamana na dini, na wamisionari wakamjia juu.

Lakini ugomvi wenyewe ni wa Rais Mobutu. Ulianza mwaka 1972 kwa kupigwa marufuku majina ya ubatizo, Kardinali Malula akalazimika kwenda Roma. Mwishoni mwa 1974 shule zote zikatwaliwa. Krismasi ikafutwa kwenye sikukuu za taifa. Kozi ya dini ikatupwa nje, ikaingia elimu ya uraia na siasa, yaani Umobutu. Misalaba ikashushwa ukutani, ikapandishwa picha ya Rais na kofia yake ya chui. Waziri Engulu hakumung'unya maneno: kanisa ni MPR, chama cha Mobutu, na masiya wake ni Mobutu mwenyewe! Palipokuwa na sala asubuhi, watoto wakawa wanaimba na kucheza kukisifu chama. Faustin Ngabu alikuwa ameingia uaskofu wa Goma mwaka huohuo; sijui kama kuna askofu aliyekaribishwa vibaya kuliko huyo. Januari 1975 maaskofu walijibu kwa tamko kali, wakawataka wazazi na jumuiya za Kikristo waibebe kazi ambayo shule imenyimwa.

Watu wa Kanisa hupenda kusema imani ndiyo iliyoshinda. Mimi naona ni shaba. Bei yake ilianguka, hazina ikakauka, na serikali ikajikuta na maelfu ya shule isizoweza kuziendesha.

Mwaka 1990 mfumo wa chama kimoja ukafa, na Umobutu ukafa nao. Kisha vita, volkeno ya Nyiragongo, na vita tena.

Katika haya yote, asiye na dini hana pa kusimama. Shule za Buisseret zilimpa mzazi nafasi ya kuchagua somo la maadili badala ya dini. Leo ni nani anayeikumbuka? Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2006 kinasema elimu ya dini inaweza kutolewa wazazi wakiomba, na mwanafunzi aliyefikia utu uzima aombe mwenyewe. Goma hii, ambako vita vimewachelewesha wengi, vijana wa miaka 19 na 20 wamo darasani. Kozi ya dini wanaikuta kwenye ratiba kama hesabu, hakuna aliyewauliza.