Wasichana wawili wa Biafra

Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, eneo la Waigbo lililojitenga na Nigeria, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Wengi walishangaa. Nyerere, mhubiri wa umoja wa Afrika, anabariki Nigeria imegwe? Jibu lake lilikuwa kwamba Waigbo waliochinjwa mwaka 1966 kwa sababu ya kabila lao hawawezi kulazimishwa kubaki ndani ya dola iliyoshindwa kuwalinda.

Mwaka huo huo wa 1968 ndimo inamoanzia riwaya ya Chinelo Okparanta, Under the Udala Trees, iliyotoka mwaka 2015. Ndege za kivita zinaupiga mji mdogo wa Ojoto, na babake msichana Ijeoma anauawa. Mama, akiwa amelemewa na msiba na njaa, anampeleka bintiye Nnewi kwa mwalimu mmoja na mkewe, akawe hausigeli ili walau apate kula. Huko ndiko anakokutana na Amina, yatima wa Kihausa aliyepotea katikati ya nchi ya Waigbo.

Vita hivyo vya Biafra vina riwaya nyingi. Flora Nwapa aliviandikia mwaka 1975, Buchi Emecheta mwaka 1982, Chimamanda Ngozi Adichie mwaka 2006. Okparanta, ambaye mama yake aliviishi vita vile, alichagua mabinti wawili waliookota kuni pamoja, wakala sahani moja, mpaka udugu wao ukageuka mapenzi.

Mwalimu alisita kumpokea Amina. Mhausa? Wakati huu? Lakini mikono ya ziada ya kazi haikataliwi, basi akakaa. Hapo ndipo riwaya inaponichoma zaidi: damu ya adui ilivumiliwa kwa sababu ya ndoo za maji na fagio, ila siku mapenzi yao yalipogundulika hapakuwa tena na la kujadili. Biblia ikashikwa juu, wakatenganishwa. Mama akamchukua Ijeoma na kumsomesha Maandiko siku baada ya siku, tangu Mwanzo, na mtoto akawa anauliza maswali ambayo mama hana majibu yake. Kurasa hizo zina uchungu, lakini pia zinachekesha.

Halafu kuna mudala wenyewe, mti uliokipa kitabu jina lake. Matunda yake ni ya rangi ya chungwa, yana utomvu unaonata midomoni, na Waigbo wanauhusisha mti huo na uzazi. Kuwaweka chini yake wapenzi wasioweza kuzaa pamoja si bahati mbaya. Mwandishi alijua anachokifanya.

Januari 2014 Rais Goodluck Jonathan alitia saini sheria ya kifungo cha miaka 14 kwa wanaofunga ndoa ya jinsia moja. Okparanta aliitaja sheria hiyo mwishoni mwa kitabu. Msomaji wa Kenya ataitambua idadi hiyo: ndiyo iliyomo katika kifungu cha 162 cha kanuni ya adhabu ya nchi yake, kinachokataza mapenzi ya jinsia moja na kilichoachwa na Waingereza, kama walivyoiachia Nigeria makatazo ya namna hiyo hiyo.

Biafra ilisalimu amri Januari 1970. Ijeoma na Amina walikutana tena shuleni, lakini Amina alikwisha kuingiwa na hofu ya moto wa Mungu. Alipomaliza masomo alipata mchumba, Mhausa mwenzake, akaolewa na kwenda kaskazini. Safari hiyo hakuna aliyemuuliza kabila lake.