Picha Ipo, Mguso Haupo: Historia Fupi ya Skrini Mguso za Zamani katika Kompyuta za Nyumbani

Sehemu hii inajadili kwa nini skrini mguso ya zamani, inapounganishwa na kompyuta ya leo ya nyumbani, huonyesha picha bila kuitikia kidole. Hoja ya msingi ni kwamba ndani yake mna vifaa viwili: kimoja hupokea picha, kingine hupeleka taarifa za mguso.

Mwaka 1965, E. A. Johnson wa Malvern, Uingereza, alieleza skrini mguso iliyokusudiwa kazi ya kuongoza ndege. Mwaka 1983, HP-150 iliingiza mguso katika kompyuta binafsi, ikitambua kidole kilipokatiza miale ya infraredi. Skrini nyingi za miaka ya 1990 zilipokea picha kwa kebo ya VGA na kupeleka mguso kwa kebo ya siriali, RS-232. Baada ya USB kuanzishwa mwaka 1996, tundu la siriali lilitoweka taratibu katika kompyuta za nyumbani.

Adapta hurejesha njia ya mawasiliano tu. Bila programu kiendeshi inayoelewa kidhibiti cha skrini, mguso hautafsiriki. Hivyo, kilichochakaa si kioo, bali makubaliano ya mawasiliano. Anayehifadhi vifaa hivi hana budi kuhifadhi pia programu zake.