Mkono wa Hasimu Wakati wa Gharika

Tarehe 22 Agosti 2005 mhubiri wa televisheni wa Marekani, Pat Robertson, alisema hewani kwamba serikali yake ingefanya vema kumuua Rais Hugo Chávez wa Venezuela. Baadaye aliomba radhi. Wiki moja baada ya maneno yale, tarehe 29 Agosti, kimbunga Katrina kiliipiga Louisiana, kingo za kuzuia maji zikabomoka, na sehemu kubwa ya New Orleans ikazama. Miongoni mwa viongozi wa kwanza kuahidi msaada alikuwa Chávez yuleyule.

Tusijifanye watoto. Chávez alijua anachofanya. Aliahidi mafuta na fedha, na papo hapo akamsimanga Rais George W. Bush kwamba alikuwa likizoni shambani kwake huku watu wakifa maji. Fidel Castro naye aliwakusanya Havana madaktari 1,586, makoti meupe mwilini, mikoba ya dawa mkononi, dunia ikiwatazama. Kikosi kikapewa jina la Henry Reeve, Mmarekani aliyekufa akipigania uhuru wa Cuba mwaka 1876. Jina hilo halikuokotwa njiani. Nchi iliyowekewa vikwazo na jirani yake tajiri kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa ikimwonyesha jirani huyo, mbele za watu, kwamba leo mhitaji ni yeye. Bwana Yesu alikwisha kuonya juu ya wapigao tarumbeta watoapo sadaka, na hapa tarumbeta zilikuwa nyingi.

Lakini mwenye kukataa naye ana siasa yake. Washington haikuwapokea madaktari wale. Na Chávez mwenyewe alikwisha kufanya vivyo hivyo: baada ya maporomoko ya Desemba 1999 yaliyoua maelfu ya watu huko Vargas, aliwakataa wahandisi wa jeshi la Marekani, ingawa waziri wake wa ulinzi ndiye aliyewaomba, na meli ilikwisha kuanza safari.

Ninapofundisha habari hizi chuoni, wanafunzi hukimbilia moyo wa mtoaji: alikuwa na nia gani? Ni swali la haki, ila huulizwa na mtu ambaye nguo zake ni kavu. Yule aliyepigwa njiani kwenda Yeriko hakuwa na nafasi ya kumhoji Msamaria. Luka anatuambia kwamba Msamaria alimhurumia; kuhusu Castro hatuna mwinjilisti wa kutuambia. Tunachoweza kupima ni nani aliachwa bila daktari, na kwa uamuzi wa nani. Nakiri kwamba upande huo ndio unaonisumbua zaidi.

Oktoba mwaka uleule tetemeko liliipiga Pakistan, rafiki wa Marekani. Kikosi cha Henry Reeve kikaenda huko, kikatibu watu milimani kwenye mahema wakati wa baridi kali. Na mwezi Novemba Citgo, kampuni ya mafuta ya Venezuela iliyoko Marekani, ilianza kuwauzia maskini wa Massachusetts na Bronx mafuta ya kupashia nyumba joto kwa punguzo la asilimia 40. Chávez alijisifu sana kwa jambo hilo. Mafuta yakapokelewa.