Sindano za Kichina Baada ya Kisu

Aliyewahi kulazwa wodi ya upasuaji, iwe Mbeya au Iringa, analijua swali la asubuhi: “Umetoa upepo?” Muuguzi hatanii. Tumbo likishapasuliwa, matumbo hulala. Hewa hukwama, tumbo hukaza kama ngoma, na ole wako ukohoe. Tumbo la namna hiyo ndilo lililoipa akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina, umaarufu duniani, ingawa wengi hukisimulia kisa chenyewe kichwa chini miguu juu.

Julai 1971 James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times, alishikwa na kidole tumbo akiwa Beijing. Husemwa kwamba alipasuliwa kwa sindano bila ganzi. Si kweli. Alichomwa ganzi ya kawaida, kidole tumbo kikatolewa. Ni usiku wa pili, tumbo lilipomjaa, alipokuja mtaalamu na sindano tatu nyembamba. Akamdunga kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti, akawa anazizungusha taratibu huku akiunguza majani makavu karibu na tumbo. Haikupita saa moja, tumbo likalegea. Tarehe 26 mwezi huo Reston aliyaandika hayo, na Wamarekani wakaanza kuziulizia sindano.

Sisi tulikuwa tumewatangulia. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Bara mwaka 1968, hawa wa Bara wakitoka jimbo la Shandong. Tangu miaka ya 1950 serikali ya Mao iliwataka madaktari waliosomea tiba ya Kizungu wajifunze na tiba ya jadi, kwa hiyo aliyejua kushika kisu aliweza pia kuwa na sindano mfukoni. Kisha ikaja reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China. Ujenzi wa TAZARA ulianza Oktoba 1970, na kipande kilichotoa watu jasho kuliko vyote ni kile kinachopanda kutoka Mlimba hadi Makambako, enzi hizo ikiwa mkoa wa Iringa, kabla njia haijaendelea Mbeya na Tunduma. Mahandaki, madaraja, maporomoko ya udongo. Kazi ya namna hiyo haikosi majeruhi, na kambi za Wachina zilikuja na matabibu wao.

Kutoboa ngozi ili maumivu yapungue hakukuwa jambo geni kwetu. Chale tulikuwa nazo, na kuumika kwa pembe pia. Tofauti ni kwamba sindano ya Kichina haitafuti damu.

Kilichoiharibia jina ni sifa za kupita kiasi. Miaka ile dunia ilionyeshwa wagonjwa wakipasuliwa macho makavu, sindano zikiwa zimewasimama mwilini. Baadaye ikafahamika kwamba wagonjwa hao walichaguliwa, na wengi walipewa pia dawa za ganzi na za kutuliza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mambo yalipotibuliwa: sindano ilipelekwa kushindana na nusukaputi, mahali isipopaweza, ikasahauliwa kitandani, ambako ina kazi.

Mwaka 1997 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani lilikubali kwamba akupancha husaidia kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji, pamoja na maumivu ya jino lililong'olewa. Kwa kichefuchefu, sindano huingia upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo, katikati ya kano mbili. Kwa maumivu, majaribio kadhaa ya miaka ya 1970 yalionyesha kuwa dawa inayozima morfini huipunguzia nguvu hata sindano. Yaani huenda mwili wenyewe ndio unaoamshwa utoe kituliza maumivu chake. Matokeo ya tafiti bado yanapishana, na hakuna daktari makini atakayekunyima pethidini ili akudunge sindano tupu.

Kwa hiyo ukitoka wodini na mshono mbichi, ukaona kibao cha tiba ya Kichina barabarani, usiingie kabla hujamwuliza daktari aliyekupasua, hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ukiingia, ulizia cheti. Sheria ya mwaka 2002 inamtaka mtoa tiba mbadala asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Na pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako.