Habari za Paul Robeson, Mwigizaji wa Michezo ya Nyimbo

Habari nyingi zilizoandikwa juu ya Paul Robeson humweleza kama mpigania haki aliyejaliwa sauti. Makala haya yanakusudia kumtazama kwa upande mwingine, yaani upande wa mwigizaji wa jukwaani, mtu ambaye kazi yake ni kutamka maneno yaliyotungwa na wengine. Kwa wasomaji wa jarida la lugha upande huo una faida yake, kwani Robeson alikuwa mwanafunzi wa lugha maisha yake yote, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha alizojifunza.

Alizaliwa Princeton, katika jimbo la New Jersey, Marekani, tarehe 9 Aprili 1898. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 15, akajisomesha hata akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake, aliyekuwa mwalimu, alifariki mwaka 1904 kwa ajali ya moto nyumbani, naye Paul hajatimiza miaka sita. Malezi yakawa ya baba, na baba huyo alikuwa mshika lugha asiyevumilia tamko la ovyo. Alimzoeza mwanawe kusoma na kuhutubia kwa sauti tangu utotoni. Kuanzia 1915 hata 1919 Paul alisoma Chuo Kikuu cha Rutgers, akasifika kwa masomo na kwa mpira wa Kimarekani kwa pamoja. Kisha akasomea sheria Columbia, akahitimu mwaka 1923. Uwakili haukudumu. Katika ofisi aliyoajiriwa, karani mmoja wa Kizungu alikataa kuandika maneno atakayosomewa na mtu mweusi, naye Robeson akaondoka, asirudi tena katika kazi hiyo.

Jukwaa alikwisha kulionja. Mwaka 1922 aliimba kwa muda katika Shuffle Along, mchezo wa nyimbo ambao muziki wake ulitungwa na Noble Sissle na Eubie Blake, wote wawili watu weusi. Mwaka 1924 akaigiza katika michezo miwili ya Eugene O'Neill, na tarehe 19 Aprili 1925 akasimama mjini New York pamoja na mpiga piano Lawrence Brown, wakatoa tamasha zima la nyimbo za watu weusi wa Marekani, pasipo kuchanganya na za Wazungu. Yapasa kukumbuka kwamba nyimbo hizo zilizaliwa utumwani, na hapo zilikuwa zikisikilizwa ukumbini kwa heshima ile ile waliyopewa watungaji wakuu wa Ulaya.

Lakini jina lake katika michezo ya nyimbo limefungamana na mchezo mmoja hasa, nao ni Show Boat, uliotungwa na Jerome Kern kwa upande wa muziki na Oscar Hammerstein kwa upande wa maneno, kutokana na riwaya ya Edna Ferber ya mwaka 1926. Sehemu ya Joe, mchukuzi wa mizigo katika mto Mississippi, ilikusudiwa yeye tangu mwanzo. Matayarisho yalichelewa, naye akawa hana nafasi. Basi mchezo ulipofunguliwa New York tarehe 27 Desemba 1927 aliyeimba sehemu hiyo alikuwa Jules Bledsoe. Robeson aliipata London, katika ukumbi wa Drury Lane, tarehe 3 Mei 1928, na tangu usiku huo wimbo wa Joe, Ol' Man River, ukawa kama mali yake. Aliuimba tena New York mwaka 1932 na katika filamu ya 1936.

Hapa ndipo penye jambo la kuchunguzwa na wataalamu wa lugha. Maneno ya wimbo huo yaliandikwa kwa lafudhi ambayo waandishi wa Kizungu walizoea kuwavisha watu weusi, tahajia ikipindwa makusudi ili msemaji aonekane si msomi. Wasikilizaji wa michezo ya kuchekesha katika redio zetu wanaijua mbinu hiyo, maana mtu wa bara hufanyiwa vivyo hivyo kwa Kiswahili chake. Zaidi ya hayo, neno la kwanza kabisa la utangulizi wake lilikuwa tusi la kuwaita watu weusi. Katika filamu ya 1936 tusi hilo lilibadilishwa kwa neno jingine lililopungua ukali lakini bado lenye dharau. Mchezo ulipoonyeshwa upya mwaka 1946 likawekwa neno la adabu zaidi. Na katika filamu nyingine ya mwaka huo huo rangi ya watu haikutajwa tena. Miaka isiyotimia ishirini yatosha kuonyesha jinsi neno moja lilivyosukumwa na wakati.

Robeson hakungoja wakati umsukumie. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1930 alianza kuubadili wimbo alipouimba katika matamasha yake. Aliacha ile lafudhi ya kuvishwa, akatamka Kiingereza sanifu. Mahali ambapo Joe hutiwa gerezani kwa ulevi kidogo, mchukuzi wa Robeson alitiwa gerezani kwa kuonyesha ujasiri. Na mahali ambapo Joe hukiri uchovu wake na hofu yake ya kifo, yeye aliweka azimio la kupigana mpaka mwisho. Ukihesabu maneno yaliyoguswa ni machache mno, wala mizani haikuvunjika, lakini mtu anayesema si yule tena. Hammerstein hakupendezwa. Mtungaji ana haki juu ya utungo wake, na wanaomlaumu kwa hilo yafaa wakumbuke kwamba ndiye aliyemweka mtu mweusi mwenye huzuni ya kweli katikati ya mchezo wa anasa. Hata hivyo mwandishi wa makala haya anaona kwamba matini ya Robeson ndiyo bora: ya kwanza yamhurumia mchukuzi, ya pili yampa kauli.

Kati ya 1927 na 1939 makao yake yalikuwa zaidi Uingereza. Mwaka 1934 alijiandikisha katika Shule ya Mafunzo ya Mashariki ya London, ambayo jina lake liliongezwa neno Afrika mwaka 1938, akajifunza fonetiki na Kiswahili. Alishikilia kwamba nyimbo za watu wake na lugha za Afrika zina undugu. Dai hilo lataka uangalifu, kwa kuwa waliopelekwa Marekani utumwani walitoka aghalabu magharibi ya Afrika na pande za Kongo na Angola, si pwani yetu. Lakini kwa kuwa Kikongo na Kimbundu ni lugha za Kibantu kama Kiswahili, hakuwa akipapasa gizani.

Jambo la ajabu ni kwamba katika miaka hiyo Jomo Kenyatta naye alikuwa London akifanya kazi na wanafonetiki. Sauti yake ndiyo iliyotumika kwa utafiti wa Kikikuyu wa Lilias Armstrong, uliochapishwa mwaka 1940. Wawili hawa walionekana pamoja katika filamu ya Sanders of the River ya 1935, Robeson akiwa Bosambo na Kenyatta akiwa na sehemu ndogo ya mtemi. Robeson alikubali akitumaini kwamba utamaduni wa Kiafrika ungeonyeshwa kwa heshima. Filamu ilipotoka, ilifunguliwa kwa maneno ya kuwasifu watawala wa Kizungu. Aliikana baadaye. Yamkini ni hapo alipojifunza kwamba mwigizaji asiyeyamiliki maneno aweza kusemeshwa asilolitaka.

Othello aliigiza London mwaka 1930, na New York kuanzia 1943, mara 296. Kisha siasa zikamfungia milango. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa ajili ya misimamo yake, na kumbi za nchini mwake zikamkwepa. Mwaka 1957 aliwaimbia wasikilizaji wa London kwa simu iliyopita chini ya bahari, mwili ukiwa New York na sauti ikiwa ng'ambo. Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958, baada ya hukumu ya Mahakama Kuu. Novemba 1960 aliwaimbia wajenzi wa jumba la opera la Sydney, kazini mwao, wimbo ule ule wa mtoni. Maradhi yalimwondoa jukwaani muda mfupi baadaye, akafariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976.

Santuri ya mwaka 1928, aliyoimba pamoja na bendi ya Paul Whiteman, ingalipo, na tamasha lake la Carnegie Hall la Mei 1958 pia lilirekodiwa. Mwenye kutaka kuyapima yaliyosemwa hapa azisikilize zote mbili, neno kwa neno, akianza na ile ya zamani.